Moto Usiochoka

Niliingia Nairobi nikiwa juu ya magunia ya makaa. Lori lilitoka upande wa Narok kabla jua halijachomoza, na dereva alituahidi kwamba chakula cha mchana tungekula mjini. Hatukula. Tulipoanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa injini ilitoa mvuke, tukasimama kando ya barabara mpaka maji yakapatikana, tukaenda kidogo, tukasimama tena. Usiku ulitukuta hapo hapo. Kesho yake mvua ilinyesha, na vumbi la makaa likageuka uji mweusi ulioingia masikioni, puani na ndani ya viatu. Tulipofika Kibera watu walikuwa wanatoka kazini, na mimi sikuwa na sehemu ya mwili ambayo haikuwa nyeusi isipokuwa meno.

Lakini lori lilikuwa mkia tu wa safari. Safari yenyewe ilianza nilipomaliza kidato cha nne, nikaondoka nyumbani kando ya ziwa. Nilibeba magunia mpakani, nikapasua mbao Eldoret, nikakata maua Naivasha, nikapaka rangi nyumba za watu Mombasa, nikarudi tena juu kuvuna ngano. Kila mahali nilisema hapa nitakaa. Na kila mahali, mvua ikinyesha msimu mmoja au miwili, nilianza kukumbuka nilikotoka kwa uchungu, kana kwamba nilifukuzwa. Naivasha nilililia ziwa la kwetu. Mombasa nilililia baridi ya Naivasha. Nilipokuwa naukaribia mwaka wa arobaini nilikuwa nimechoka namna ambayo usingizi hauiponyi, nikasema niende nikapumzike kidogo kwa dada yangu mkubwa.

Dada alikuwa na kibanda cha chakula upande wa Olympic, mahali ambapo nyumba za mabati zinaishia na nyumba za mawe zinaanza. Nilimkuta ameinamia jiko.

"Makaa yanashushwa kule nyuma," akaniambia bila kuinua macho.

"Dada, ni mimi."

Akainua macho, akanitazama kuanzia viatu. "Wewe! Nilidhani ni gunia limeshuka lenyewe."

"Mathe, hilo gunia linaongea!" akapaza sauti kijana mmoja aliyekuwa anakula kwenye benchi, kwa kuwa vijana wote pale walimwita Mathe, yaani mama, na benchi nzima ikacheka.

Alinipa maji ya kuoga, sabuni ya kipande na kikombe cha chai. Niliporudi nikiwa na rangi yangu aliuliza swali alilokuwa akiniuliza tangu tukiwa wadogo: "Umekuja kukaa ama umekuja kupita?"

"Nimekuja kupumzika kidogo."

"Kila siku unapumzika kidogo. Hujawahi kuchoka vizuri, ndiyo shida yako."

Kesho yake asubuhi nilianza kumsaidia, kwa kuwa sijui kukaa bure. Jiko lake lilikuwa pipa lililokatwa katikati, ndani limesilibwa udongo, chini lina kimlango cha kuingizia hewa. Ukikifungua, makaa yanavuta pumzi na kuwaka. Ukikifunga, yanapoa taratibu. Ukitaka yapoe zaidi unayafunika kwa majivu yake yenyewe. Hayo tu ndiyo yaliyokuwa mamlaka ya mpishi juu ya moto, na yanatosha, kwa sababu moto wa makaa huzeeka wenyewe. Alfajiri ulikuwa mkali, akapika chai na kukaanga mandazi. Makaa yalipoanza kuvaa weupe akaleta kikaango kizito cha chuma, zikaja chapati. Moto ulipolegea akabandika maharagwe, yakachemka polepole wakati yeye anahudumia watu. Mwisho, moto ukiwa umebaki jivu lenye joto, akafunika wali na kuweka vikaa vichache juu ya kifuniko. Vyakula vya siku vilipangwa kwa umri wa moto. Hakuna aliyekuwa anapunguza wala kuongeza sana. Unangoja moto uchoke hadi kiwango unachotaka.

Kuhusu kujua umefika kiwango gani, dada alikuwa na kipimo alichorithi kwa mama yetu, na nadhani wanawake wengi wa kanisa letu kule nyumbani walikuwa nacho. Alifungua kiganja cha kulia juu ya makaa, kimo cha mwiko uliosimamishwa, kisha akasali Baba Yetu kwa mwendo wa kanisani, bila haraka. Pale mkono uliposhindwa, hapo ndipo alipoujua moto. Ukimfukuza kabla hajafika kwenye mkate, huo ni wa mandazi. Ukimruhusu mkate ukamkatalia kwenye makosa, ni wa chapati. Akifika kwenye majaribu, abandike maharagwe. Akisema amina na kiganja kingali pale, ni wakati wa wali.

Wateja waliijua kawaida hiyo. "Mathe, leo umefika wapi?" waliuliza wakiwa na njaa.

"Nimefika kwenye makosa yenu. Kaeni chini, chapati zinakuja."

Mimi nilipenda kumtazama, kwa kuwa ndicho kitu pekee cha nyumbani kilichokuwa kimenifuata hadi pale. Na nilikumbuka mwalimu wetu wa fizikia, ambaye alituambia kwamba joto halikai mahali pamoja, kwamba kazi yake ni kutoka penye moto kwenda penye baridi, nalo lina njia tatu. Linapita kwa kugusana, kama kutoka kwenye chuma kwenda kwenye chapati. Linapanda na kushuka pamoja na maji au hewa, kama ndani ya sufuria ya maharagwe. Na linamulika, kama jua, bila kugusa chochote njiani. Makaa yalikuwa yanamulika kiganja cha dada. Darasani sikuona maana yoyote. Pale Olympic niliona, nikafikiri pia kwamba mwalimu alikuwa ananieleza mimi, kitu kisichokaa mahali.

Nilipanga kuondoka baada ya majuma machache. Kisha chapati zikaanza kuungua.

Mwanzoni zilikuwa moja moja, madoa meusi juu na unga mbichi katikati ya mikunjo. Baadaye ikawa sahani nzima. Kijana wa benchi aliinua moja akaichungulia kwa mwanga. "Mathe, hii chapo ni ya mazishi?"

"Ni haya makaa ya huyu," dada akajibu, akinionyesha kwa kidevu. "Ametuletea makaa ya mgunga, yana hasira."

Siku nyingine alilaumu unga. Siku nyingine alilaumu kikaango, akakisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa, jambo lililozidisha ubaya. Na kila asubuhi nilimwona akipima vilevile, kiganja juu, midomo ikicheza.

Mpaka asubuhi moja nilipokuwa nimechuchumaa upande wa pili wa jiko nikikoroga maji ya unga. Dada alinyoosha mkono, akasali taratibu mpaka amina, akasema, "Huu moto umelala. Fungua kimlango."

Mimi uso wangu ulikuwa unawaka kutoka mahali nilipokuwa nimekaa. Makaa yalikuwa mekundu hadi ndani. Nikaweka kiganja changu karibu na chake, na sikufika hata kwenye mbingu. Nikamshika mkono nikauvuta. Chini ya unga uliokuwa umemganda kiganjani palikuwa na malengelenge, mapya juu ya ya zamani, mengine yamepasuka na kukauka. Unga ndio ulikuwa umeyaficha.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaja."

"Husikii?"

Akautazama ule mkono. "Nausikia kama mkono wa mtu mwingine ninayemjua."

Kliniki walisema ni sukari. Imekaa mwilini muda mrefu na imeanza kuua hisia za vidole na nyayo. Muuguzi alimfunga bandeji, akampa dawa, akamwambia akae mbali na moto. Tulirudi kwa miguu. Dada alitangulia mpaka tulipofika mahali ambapo njia inapita juu ya mtaro, hapo akageuka.

"Usiwaambie nyumbani."

"Watajua."

"Wakijua nitawekwa kwenye kile kiti."

Nilijua anazungumzia kiti gani. Shangazi yetu, miguu ilipomkatalia, alirudishwa bomani kwa kaka yetu, akawekewa kiti mbele ya jiko la shemeji. Hakuteswa. Alisalimiwa na kila mgeni, alipewa chakula baada ya watoto, na hakuna aliyemwomba afanye jambo lolote tena. Alikaa pale akitazama wengine wakiunguza ugali, bila ruhusa ya kusema. Dada alikuwa mjane, watoto wake wako mbali na maisha yao, na kile kibanda ndicho kilichomtenga na kile kiti. Akishindwa kupika kwa mkono wake mwenyewe, gari la nyumbani lilikuwa linamngoja.

"Wako unafanya kazi?" akaniuliza.

"Mkono? Unafanya."

"Basi nipe huo."

Hivyo ndivyo nilivyogeuka kiganja cha dada yangu. Kila asubuhi nilisimama juu ya jiko, nikanyoosha mkono, nikasali, yeye akiwa pembeni anasukuma chapati. "Wapi?" aliuliza. "Nimepita mkate," nilijibu. "Ngoja." Nikangoja. "Sasa?" "Kwenye makosa." "Leta kikaango." Nilikuwa ninasali kuliko padri, na nadhani sala ya aina hiyo haiendi popote, inabaki palepale kwenye moshi. Nilichoka. Sikuchoka kwa kazi, kwa kuwa nimefanya kazi nzito zaidi. Nilichoka kwa kuamka na kujua nitaamkia wapi kesho. Niliposikia lori likibadilisha gia kwenye barabara ya juu nilihesabu ndani ya kichwa miji liliyoweza kuwa linakwenda. Kisha nikauona mkono wake umefungwa kitambaa, nikachukua ungo nikapepea makaa.

Mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa mama wa Kinubi, mtu mzima, mwembamba, mwenye ulimi. Babu zake waliletwa pale wakiwa askari wa Mwingereza, wakati Kibera ingali msitu, na hakuacha mtu asahau. Alikuwa akipika gurusa uani, ule mkate wao mwepesi unaomiminwa juu ya chuma ukaiva kabla hujakohoa. Siku ya kwanza aliyoniona nikisali juu ya jiko alisimama akashika kiuno.

"Nyinyi watu wa ziwa, mnampigia Mungu simu kwa sababu ya chapati?"

"Tunapima moto, Mama."

"Na mkiwa na haraka?"

"Mungu anaelewa," dada akasema.

"Mungu anaelewa, chapati haielewi. Mimi nasikiliza. Kikaango kina mdomo, masikio mnayo, mnataka nini tena?"

Dada alicheka, kwa mara ya kwanza tangu kliniki. Baada ya hapo, mchana watu wakipungua, alikuwa akivuka ua na kwenda kukaa kwa mwenye nyumba, kwenye kigoda karibu na chuma cha gurusa. Niliwasikia wakinyamaza kwa muda mrefu kisha wakaangua kicheko. Nilidhani wanasengenya wapangaji. Nilifurahi amepata mtu wa kukaa naye, nikaendelea kuosha sahani.

Misimu ikapita hivyo. Mimi ambaye sijawahi kuona mvua tatu mahali pamoja, nilianza kutambulika. Vijana waliniita "buda wa Baba Yetu", yaani mzee wa ile sala. Bandeji ilitoka, mkono ukapona ngozi lakini hisia hazikurudi. Dada alijifunza kugeuza chapati kwa kibao chembamba cha mti badala ya vidole, na kila jioni aliukagua mkono wake pande zote kama mtu anayekagua mchele.

Kisha vibanda vya upande wetu vikatakiwa kuondoka, barabara ipanuliwe. Tulipewa siku za kujipanga, tukajipanga. Jirani wa kanisani alikuwa amehamia Kawangware, akatuonyesha chumba cha biashara Gatina, chini ya nyumba ya ghorofa. Sakafu ya saruji, mlango wa chuma, maji yanakuja karibu kila siku. Mwenye nyumba wetu wa Kibera alitusindikiza hadi kwenye mkokoteni akampa dada kibao kipya cha kugeuzia. "Usiniaibishe huko kwa Wakikuyu," akamwambia, akarudi ndani upesi.

Gatina tulikatazwa makaa. Msimamizi wa ile ghorofa alikuja siku tuliyoshusha jiko, akaonyesha juu kwa kidole. Kila roshani ilikuwa na kamba, na kila kamba ilikuwa na nguo za watu.

"Mathe, hizo ni shati nyeupe za ofisi. Masizi yakipanda hapo mimi ndiye nitakayefuliwa. Hapa ni gesi tu."

Tukanunua mtungi na jiko la plati mbili.

Sijui niielezeje siku ya kwanza. Jiko lile, ukizungusha kitasa kutoka mahali pa kuzima, moto mkubwa ndio unaotangulia. Ukitaka mdogo unaendelea kuzungusha upande uleule, unaupita ule mkubwa, unaufikia mdogo mwisho kabisa. Akili yangu haikukubali. Kila nilipotaka kupunguza nilirudi nyuma, moto ukazima, gesi ikanuka, tukafungua mlango wote na kupunga hewa kwa leso. Dada alikuwa amesimama ukutani, mkono wake ndani ya kanga.

Maharagwe tuliyabandika kama tulivyozoea, tukayaacha yajipikie huku tukipanga sahani. Yalichemka kwa fujo, maji yakakauka, yakashika chini. Tulikuwa tunangoja moto uchoke, wote wawili, bila kuambiana. Gesi haichoki. Vile ulivyoiacha ndivyo utakavyoikuta, mpaka mtungi uishe. Harufu ilipanda hadi kwenye zile shati, na sauti ya mwanamke ikashuka kutoka roshani ya juu: "Nyinyi wa chini! Mnapika chakula ama mnachoma soksi?"

Chapati ndizo zilizonivunja. Niliwasha moto, nikanyoosha kiganja kama kawaida, nikaanza kusali. Ulinifukuza kwenye neno la kwanza. Nikaupunguza, nikaupita mkubwa kama nilivyokuwa nimeshajifunza, nikanyoosha tena. Ukanifukuza kwenye neno la kwanza vilevile. Kumbe moto ule wa samawati haumuliki sana kama makaa. Ukisimama pembeni yake huhisi kitu. Unapeleka hewa ya moto moja kwa moja juu, na ukiweka mkono juu utaumwa tu, uwe mkubwa au uwe mdogo. Moto wenyewe haukuwa tena wa kupimwa. Kilichotakiwa kupimwa kilikuwa chuma kilicho juu yake, na mimi sikujua kukipima. Nilirusha chapati ya kwanza, ikawa nyeusi kabla sijageuza. Ya pili, kwa woga, niliipika kwa moto mdogo kabisa tangu mwanzo, ikakauka polepole ikawa kama kipande cha katoni.

Mwendesha boda boda aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia yake ya chuma alizitazama zote mbili. "Niaje buda. Hakuna ya katikati?"

Niliketi juu ya mtungi wa maji. Nilikuwa nawaza kwamba yote yameisha, kwamba nimekaa misimu yote ile na mwishowe kile kiti kimemfikia, na kwamba kiganja changu sasa ni sawa na chake.

"Toka hapo," dada akasema.

Alikuja mbele ya jiko. Alishika kitasa kwa mkono wa kushoto, akakizungusha, akaupita moto mkubwa, akarudi kidogo, akasimama. Akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Akaweka kikaango. Akachovya ncha za vidole kwenye maji, akarusha matone juu ya chuma.

Maji yalikaa, yakalia *shii* ndefu, yakafa.

"Bado," akasema, si kwangu.

Akangoja. Akarusha tena. Safari hii matone yalivunjika yakawa shanga, yakakimbia hadi ukingoni yakicheza. Akadondosha chembe za unga mkavu katikati, zikageuka rangi pole pole, hazikutoa moshi. Akapunguza moto kidogo tena, akaweka chapati. Alipopaka mafuta aliinama zaidi. Niliyasikia mafuta nami, lakini kwangu yalikuwa kelele tu. Kwake yalikuwa yanasema jambo, kwa sababu aligeuza kwa kile kibao wakati mimi ningengoja, na akangoja wakati mimi ningegeuza. Ikatoka na madoa ya kahawia, imefura katikati, inaachia mikunjo yake.

Mwendesha boda boda aliila akiwa amesimama. "Mathe, weka zingine mbili. Na huyu buda apelekwe likizo."

Nilingoja mpaka wateja wakaisha mlangoni.

"Ulijifunza wapi?"

"Unajua wapi."

"Ulikuwa unakwenda kwa yule mama kusengenya."

"Nilikuwa nakwenda kusikiliza chuma. Alikuwa ananifunga macho kwa kanga, ananiuliza: sasa? sasa? Nikikosea ananipiga na kibao."

"Tangu Kibera?"

"Tangu Kibera."

Nilijaribu kukumbuka asubuhi zote nilizosimama juu ya makaa na mkono mbele, naye pembeni akiuliza wapi, sasa, ngoja. "Kwa hiyo ulikuwa unajua kabla sijasema."

"Mara nyingi nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Alikuwa anafuta jiko kwa kitambaa, akizunguka plati ambayo haikuwa na uchafu. "Ungeondoka."

Ilikuwa kweli. Kisha yeye akaniuliza mimi, "Na wewe mbona hukuondoka?"

"Ni kile kiti."

Tukacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa. Kilikuwa cha watu wawili ambao wamebeba kabati kwa pamoja ngazi nyingi, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliye na upande mzito. Nilichokuwa nahisi, kama ningelazimishwa kukisema, kilikuwa uchovu wa miaka ile yote ukishuka kwa mara moja, na chini yake sikukuta hasira. Nilikuta nimezoea tu.

Nilikaa majuma kadhaa zaidi. Alinifundisha mambo machache, ingawa hayakuniingia vizuri. Maharagwe alinionyesha niyajue kwa kifuniko: kikiruka kwa fujo, moto ni mwingi na maji yanapotea bure, kwa kuwa maji yakishachemka hayapati moto zaidi hata ukiyawashia jiko zima. Kikigonga kidogo kidogo, kama mtu mwenye adabu mlangoni, acha hapo. "Makaa yalikuwa yanazeeka yenyewe," alisema. "Huu lazima uuzeeshe wewe." Alimpata mama mmoja wa ghorofa ya pili wa kumsaidia kuinua sufuria na kuosha vyombo. Simu ilipokuja kutoka nyumbani, kaka akiuliza afya yake, alimwambia ana sukari kama watu wengine, anameza dawa, na ana wateja wanangoja. Alikata. Kiti hakikutajwa.

Na mimi nikaanza. Nilililia harufu ya makaa mabichi ya asubuhi upande wa Olympic, nikalilia ua wa mwenye nyumba wetu na kelele zake, ingawa nilipokuwa nikiishi pale nilikuwa nalilia barabara. Niliitambua hiyo hali kama mtu anavyotambua homa yake ya kila mwaka.

Siku niliyoondoka moja kwa moja ilikuwa siku ya kawaida, asubuhi kabla ya watu wa kazi kushuka ngazi. Nilikuwa na begi lile lile. Nilijaza mitungi ya maji, nikapanga viti, nikafuta meza. Dada alikuwa ameshasukuma chapati, zimelala chini ya kitambaa chenye unyevu. Aliwasha plati ya kulia, akazungusha, akapita, akarudi kidogo. Akaweka kikaango.

"Dada," nikasema nikiwa mlangoni. "Mimi basi..."

Aliinua mkono wa kulia, ule uliokufa, kiganja kikinielekea, makovu yake yote waziwazi. Hakugeuka. Alikuwa amerusha maji, na maji yalikuwa yanasema. Nikasimama na begi langu begani. Ngazi za juu zilianza kupata nyayo. Alirusha tena, akasikiliza, kisha akaitikia kwa kichwa mara moja, akashusha mkono, akalaza chapati ya kwanza juu ya chuma.

Nikatoka.